Fataki za Kopo Jekundu

Kaltumi,

Mpe Bibi chai. Risasi kumi zilizobaki stoo usiziguse. Asubuhi nimejaribu moja uliyoijaza wewe: nimevuta, ikagonga, kimya. Nilipoanza kushusha bunduki ndipo ikalipuka. Nilikuambia baruti ya punje za mviringo ni ngumu kushika moto, kitakoni mwa risasi inataka fataki kali ya kuiwasha, zile za kopo jekundu. Ukanijibu fataki ni fataki.

Meja alichukua kumi nyingine ulizozijaza jana, na mchana huu anakwenda kuwinda nyati. Kwake risasi ikichelewa si kosa, ni njama.

~~Nitarudi jioni.~~ Usiniwekee chakula. Nimekwenda kumwomba anirudishie, nimwambie nilizijaza mimi. Watu wake wakija kuuliza, sema hujui lolote kuhusu fataki. Hapo hutakuwa umedanganya.

Baba yako