Magoti Yangu na Shamba la Mpunga

Marahaba, mjukuu wangu Kabula. Shikamoo yako imefika salama huku Mkula. Sisi wazima, na mama yako anavuna mpunga.

Unauliza kipi kiachwe, mila zetu sisi Wasukuma au haki ya mwanamke. Nimeshusha pumzi, maana kwa ukimya wako nilidhani umeshatuacha hata sisi wenyewe.

Baba yangu alipofariki, ndugu zake walitaka kugawa mashamba kwa wanaume tu. Majirani wakanihimiza nishtaki, lakini baadhi yao walitaka tu ugomvi wetu uwe sababu ya kutufukuza kwenye bonde la mpunga. Basi nikaenda kwenye kikao cha ukoo, nikapiga magoti na kusalimia, kama mila inavyotaka. Halafu nikasema, "Naomba sehemu yangu."

Kwetu, aliyepiga magoti hainuki kabla wakubwa hawajamjibu. Wakajimiminia chai. Nami nikabaki palepale mpaka chai yao ikapoa.

Mwishowe baba mkubwa akacheka. "Mpeni. Huyu mtoto anaijua mila kutuzidi."

Mpaka leo wazee nawapigia magoti, ingawa siku hizi kuinuka ni kazi. Ila, Kabula, hati ya shamba lile ina jina langu, na wosia wangu una jina lako.

Bibi yako