Kura ya Chikichi

Jumanne, 7 Oktoba

Mkutano wa tatu. Watu walichelewa kama kawaida, nami nikakasirika kama kawaida. Tulikaa kwenye darasa lisilo na madirisha, maana kwenye madarasa mazuri wanalala watu waliofukuzwa na ziwa. Nikauliza: mnakubali? Wakajibu "ego, ego", ndiyo, ndiyo. Nikauliza kinyume chake. Ego, ego.

Swali lenyewe ni moja tu, na komini, serikali ya hapa, imewaachia waamue wenyewe. Shamba la pamoja la michikichi, kule juu ya barabara, ligawiwe viwanja kwa familia ambazo ziwa limekula nyumba zao? Au libaki shamba? Asosiasyo ninayofanyia kazi imenituma niongoze mazungumzo mpaka wafikie uamuzi. Niongoze, nisiamue. Ni kazi ya kuuma ulimi, na ulimi wangu haujazoea kuumwa.

Anayekodi shamba hilo ni Mzee Sadoki. Mwenye mashine ya kukamua mawese ni Mzee Sadoki. Ukitaka mashine nyingine, ubebe chikichi zako mpaka Rumonge mjini. Kwa hiyo ego, ego.

Watu wa kilima hiki wana adabu mno. Siipendi adabu ya namna hii.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mkutano baada ya kazi za jamii. Wamekuja na majembe na matope. Mama mmoja wa pale shuleni alisimama kusema watoto wake wanakohoa, wanalala juu ya saruji. Akamtazama Sadoki, akakaa katikati ya sentensi. Sadoki akamwitikia kwa kichwa, kwa upole kabisa, kama anayempa pole. Hajawahi kupaza sauti yule mzee. Huja wa kwanza, husalimia kila mtu, huuliza habari za wagonjwa kwa majina. Ningependa angefoka mara moja tu, nijue ninashughulika na nini.

Baadaye alikuja kwangu Riziki, mjane wa mdogo wake Sadoki. Kaniletea viazi vitamu kwenye kanga. Nyumba yake haijaguswa na maji. Iko nyuma ya ua wa shemeji yake, na michikichi yake michache aliyoachiwa na marehemu. Ardhi ni ya ukoo wa mume. Anakaa pale kwa sababu shemeji anakubali akae, basi.

Akaniambia, "Madamu, batu hawa beko na maneno. Lakini maneno iko mu tumbo."

Nikamwuliza, na ya kwako? Akacheka.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimepata njia! Nimetembea chumbani kama kuku anayetaka kutaga.

Kura ya siri bila karatasi. Nusu yao hawasomi, na karatasi huwatisha hata wanaosoma. Vyungu viwili nyuma ya pazia. Cha kulia, shamba ligawiwe. Cha kushoto, libaki. Kila mtu aje na chikichi moja kutoka nyumbani kwake, aionyeshe mlangoni, apite peke yake, adumbukize. Chikichi hazikosi nyumba yoyote huku. Tena mtu akija na ya kwake, ataona uamuzi ni wake.

Shefu wa kilima, kiongozi wao, kakubali. Bosi wangu wa asosiasyo kasema ni ubunifu mkubwa. Nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, nimerudi mtu mzima, watu hunicheka hapa kwamba sijui hata kupanda mchikichi. Wacheke sasa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Imefanyika.

Nilisimama mlangoni nikawaapia, kila kundi lililoingia: hakuna atakayejua. Hata mimi sitajua. Niliona mabega yakishuka. Nilimwona yule mama wa shuleni akitoka nyuma ya pazia anafuta macho. Riziki aliingia na kutoka haraka, kama mtu aliyeacha sufuria jikoni.

Tukamwaga vyungu juu ya mikeka miwili, mbele ya wote. Chungu cha kulia kimeshinda. Kwa kidogo, lakini kimeshinda. Familia za ziwa zitapata viwanja! Wengine walipiga vigelegele, kisha wakakumbuka nani yupo, wakanyamaza.

Sadoki hakununa. Alichuchumaa kwenye mkeka wa walioshinda, akachambua chikichi pole pole, kama mtu anayechambua maharage. Moja akaiuma, akaitema mkononi, akaitazama. Akasema, "Chikichi nzuri." Akairudisha. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akanipongeza.

Nilifikiri: huyu ni mtu anayejua kushindwa. Niliona hata aibu kwa jinsi nilivyomdhania.

Jumapili, 19 Oktoba

Misa. Samaki, mukeke wa kuchoma. Nimelala mchana kama tajiri.

Ijumaa, 24 Oktoba

Sadoki kaja nyumbani kwangu Rumonge. Sijui nani kamwelekeza. Alikaa kwenye kiti cha plastiki uani, akakataa chai, akakubali maji. Kavaa koti katika joto hili.

Akasema amekuja kunishukuru. "Ile njia yako ni muzuri sana, Madamu. Inaonyesha mioyo ya batu."

Nikasema, Mzee, kura ilikuwa ya siri.

Akatabasamu. Akanieleza kama unavyomweleza mtoto. Chikichi si kitu kimoja. Za shamba la pamoja zina kokwa nene. Za kule mtoni ni ndefu. Nyingine nyama nyingi, nyingine mafuta kidogo. Yeye hupokea chikichi za kila nyumba kwenye mashine yake, miaka yote. Hahitaji kuuliza zimetoka kwa nani. Na za marehemu mdogo wake, miche ilitoka upande wa Kongo. Kokwa zake ni ndogo ndogo, hazipo kwa mwingine. "Nilimusaidia kuipanda na hii mikono," akasema, akanionyesha mikono.

Kumbe ni kama niliwaambia watu waandike majina yao, kisha nikayamwaga kwenye mkeka.

Alimaliza maji. Akaniambia nisihofu, yeye na mimi hatuna ubaya. Akaniombea baraka.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimepanda pikipiki mpaka kilimani bila kuitwa. Mashine ya Sadoki inanguruma, watu wamepanga foleni. Vikapu vya Riziki viko kando, chini ya jua, chikichi zimeanza kuchacha. Kila zamu yake inapofika, mashine ina hitilafu. Akiondoka, inapona.

Si yeye tu. Yule mama wa shuleni ameambiwa asije tena kuosha mapipa. Wengine wawili hivyo hivyo. Lakini hao walijulikana wanataka viwanja, hakuna aliyeshangaa. Riziki ndiye hakupaswa kuwamo. Hakuhitaji kiwanja. Aliwapigia kura wenzake.

Watu wa foleni walinisalimia vizuri sana.

Alhamisi, 30 Oktoba

Ua wa Sadoki umesogezwa. Umefika kwenye ukuta wa jiko la Riziki. Michikichi yote sasa iko upande wa Sadoki.

Nilikwenda kwa shefu wa kilima. Akasema ni mambo ya ukoo, wazee wa ukoo watakaa. Nikamwuliza lini. Akasema watakaa. Nikamwambia ni matokeo ya kura yangu. Akanitazama kama niliyetaja jina la maiti chakulani. Kisha akasema kuna watu wanalalamika, kura haikuwa wazi, komini inataka wananchi wathibitishe. Kwa mikono safari hii. Jumamosi ya wiki ijayo.

Nimekasirika mpaka nimesahau kofia yangu ya pikipiki mezani pake. Mjinga mimi.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimekwenda kwa Riziki kuomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yakaniponyoka.

Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha. Aliniambia alijua. Alipochuma ile chikichi asubuhi ile alijua itajulikana. Alifikiri hata kuomba ya jirani, kisha akaona uvivu. Nilimwuliza, kwa nini basi hukuniambia? Akasema, "Ulikuwa na furaha sana, Madamu."

Nililia barabarani, mbele ya wauza dagaa. Basi, waone.

Ziwa limepanda tena. Maji yamefika kwenye choo cha shule.

Jumamosi, 8 Novemba

Mkutano wa kuthibitisha. Sitaki kuandika, lakini nisipoandika nitaanza kuukumbuka vizuri kuliko ulivyokuwa.

Darasa limejaa. Watu wamesimama hadi nje, kwenye mvua. Msaidizi wa komini kakaa mbele. Sadoki kakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ambapo kila mtu lazima ageuke amwone au ajizuie kugeuka. Kabla hatujaanza, yule wa komini akaninong'oneza: wewe animatrisi, wewe mwongozaji tu, uliza swali, usichangie.

Nikauliza. Nani anasimama na uamuzi wa shamba kugawiwa? Inueni mikono.

Mvua juu ya mabati. Watoto wa shuleni wakikohoa ukutani, upande wa pili. Hakuna mkono. Yule mama alitazama miguu yake. Mume wake alitazama dari. Niliwajua wote, nimekula kwao.

Riziki akasimama. Hakuinua mkono, alisimama tu, kitambaa cheusi kichwani kama mtu anayekwenda msibani. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Chikichi yangu mimi niliweka kulia. Hata leo ningeweka kulia. Ziwa iko inakuja, na hawa batoto beko kwa saruji."

Akabaki amesimama. Anangoja. Hakutugombeza, alingoja tu, anatutazama mmoja mmoja, kama anayeshikilia mlango watu wapite.

Nilijua neno moja langu lingetosha. Kusema tu: kura ilivuja, kosa ni langu, mnaogopa na mna haki ya kuogopa. Niliuma ulimi. Nilijiambia ndiyo kazi. Mwongozo wetu unasema animatrisi hana upande. Uongo. Nilimwogopa yule wa komini, niliogopa kukosa mshahara, niliwaogopa wale watu wote wenye adabu.

Hakuna aliyesimama. Mwishowe Riziki akakaa.

Uamuzi: shamba libaki. Kwa maafikiano. Nimeandika hivyo kwenye ripoti kwa sababu ndivyo inavyoitwa.

Jumapili, 9 Novemba

Sikwenda misa.

Jumanne, 11 Novemba

Bosi kapiga simu. Kafurahi. Mahudhurio mazuri, hakuna fujo. Anataka nifanye hivyo hivyo kule Muhuta.

Nimesema nitafikiri. Nimejichukia kwa neno hilo.

Wazee wa ukoo wamekaa kumbe, jana, haraka kuliko walivyowahi kukaa. Riziki aondoke. Ana kaka kule Kizuka, atampokea.

Jumatano, 12 Novemba

Leo Riziki kahama. Nilifika mapema kumsaidia, nikidhani nitamkuta peke yake.

Walikuwepo wote. Yule mama wa shuleni alibeba sufuria, mumewe kitanda. Wale wa foleni ya mashine walibeba mitungi, magunia, milango miwili iliyong'olewa. Shefu wa kilima mwenyewe alibeba meza kichwani. Kila aliyekaa kimya Jumamosi alikuja, na hakuna aliyekuwa mvivu. Walishuka na kupanda ile njia ya matope mpaka barabarani, wakipishana, wakionyana mahali panapoteleza. Sadoki alilipa gari. Alituma mtu aseme safari njema.

Mimi nilibeba godoro. Lilikuwa jepesi.

Kazi ilikwenda vizuri, kama ya watu waliokubaliana tangu zamani.

Riziki alipanda akakaa juu ya mizigo. Akamshukuru kila mmoja kwa jina lake, murakoze fulani, murakoze fulani, hakumsahau mtu. Hata mimi. Sauti yake haikuwa na kejeli hata chembe, nilisikiliza sana nikiitafuta.

Gari likaondoka kuelekea Kizuka. Tulibaki pale kando ya barabara, kundi zima, mikono mitupu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurudi nyumbani.