Kamera ya Baba na Baraza la Kina Rahma

Jumamosi, Bariadi. Jua limezama lakini vumbi halijatulia. Ni msimu wa pamba, malori yamepita tangu asubuhi, na mimi nimekaa chumbani na aibu ambayo sijui niipeleke wapi. Mama ameniita kula mara mbili. Nimesema nimeshiba.

Sijashiba. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayenijua.

Nianze na kamera, maana yote yametokana na kamera.

Baba mdogo aliileta kutoka Mwanza baada ya jirani yetu kuibiwa betri ya sola. Duka lilikubali irudishwe ikiwa haifai, kwa hiyo Baba akaniita sebuleni, akanikabidhi boksi na kile kitabu chake cha maelekezo. "Wewe ndiye unayesoma Kiingereza. Ijaribu, halafu utaniambia tubaki nayo au irudi." Nilijisikia mtu mkubwa. Darasani sinyooshi mkono hata nikiwa na jibu, lakini kitabu kile nilikisoma mpaka yale maneno madogo ya mwisho ambayo hakuna anayeyasoma.

Baba alitaka iangalie geti na banda la kuku. Fundi alipopanda ngazi kuifunga kwenye kona ya paa, nikamwomba aigeuze kidogo kushoto. Baba akauliza mbona imekaa upande. Nikamjibu ndivyo kitabu kinavyoelekeza.

Kitabu hakielekezi hivyo.

Kushoto, ng'ambo ya barabara, ndipo lilipo baraza la kina Rahma.

Rahma na familia yake wamehamia mwaka huu kutoka Lamadi, wana duka la vitenge pale sokoni. Ana sauti nzuri, anacheka bila kuziba mdomo, na anaweza kuongea na mtu asiyemjua kama vile wamekula pamoja jana. Kabula, rafiki yangu tangu tukiwa darasa la pili, sasa anashinda kwao. Likizo zote zilizopita Kabula alikuwa anakuja kwetu mchana, tunamenya karanga za Mama huku tunazila nusu. Likizo hii nimezimenya mwenyewe.

Hakuna aliyenifukuza, niseme ukweli. Ila mimi ni mtu wa kuitwa. Nisipoitwa, siendi.

Kwa hiyo nilikuwa naangalia.

Kuhusu arifa, kamera hii ni mwongo kiasi. Simu inalia kila kitu kinapotikisika. Mlonge ukipigwa na upepo, inalia. Ng'ombe wa Mzee Masanja wakipita kwenda kunywa maji, inalia mpaka bando linaisha. Nikaipanga iniarifu kuhusu watu tu, ikaanza kumhesabu punda mwenye madumu ya maji kuwa ni mtu. Lakini Kabula haikumkosa hata siku moja. Simu ikitetemeka mchana, nafungua, namwona anakata kona, anapita mbele ya geti letu, anavuka.

Kuna siku alisimama. Aligeuka akatazama huku kwetu, kisha akaendelea. Video hiyo nimeirudia sana. Sikuweza kuamua kama alikuwa ananitafuta au alikuwa anamkwepa punda.

Kuhusu picha, ni safi. Usiku inaonyesha kijivujivu lakini mtu unamtambua. Mchana, lori likishapita, kioo kinajaa vumbi na inabidi kupanda kukifuta. Kikiwa kimefutwa, unaweza kuvuta picha karibu mpaka uone vidole. Najua kwa sababu niliona vidole. Jumatano Rahma alimshika Kabula mkono, akauweka kwenye goti lake, akawa anamchora hina taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. Kabula alikuwa ametulia. Kabula hatulii! Mimi nikimshika nywele nimsuke wakati wa likizo anarukaruka kama mbuzi.

Niliona hata maua yenyewe. Nikafunga simu, nikaenda kufagia uwanja ambao Mama alishaufagia.

Kuna wivu wa kutaka kitu cha mwenzako. Huo naufahamu, nimewahi kuona viatu vya mtu vikaniuma. Huu wa sasa ni wa kitu kilichokuwa changu, tena nakiangalia kikifurahi. Nilitamani Kabula achoke. Nilitamani hina imwashe. Nayaandika hivi hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Leo sasa.

Jioni nilikuwa sebuleni, simu mkononi. Nikawaona wote wawili wanashuka barazani, Rahma ameshika bakuli kwa mikono miwili, Kabula anamwongoza kwa kiwiko asijikwae. Wanavuka. Wanakuja moja kwa moja kwenye geti letu. Wanacheka.

Nikajua wanakuja kunicheka. Kwa nini nilijua hivyo? Sijui. Mtu akishinda anachungulia, nadhani kila kicheko kinamhusu.

Kwenye aplikesheni kuna alama ya king'ora. Nilikuwa sijakijaribu. Nikajiambia ni jaribio, Baba ameniagiza nijaribu kila kitu. Nikabonyeza.

Kitabu hakikusema king'ora kina sauti ile. Kuku walitawanyika. Bakuli likaanguka. Halafu nikasikia kitu ambacho hakuna kitabu cha Kiingereza kingenitahadharisha. Nikasikia mwano, yowe la Kisukuma la kuita watu kwenye hatari. Hapa kwetu ishara ya hatari haisikilizwi kwa masikio tu, anayeisikia anapiga yowe lake, na anayesikia yowe hilo anapiga la kwake, na kila mwanaume anatoka na fimbo. Asiyetoka atajieleza. Kabla sijapata kitufe cha kukizima, watu walikuwa wameshajaa getini. Mzee Masanja alikuja na kiatu kimoja.

Na pale katikati, wamezungukwa na fimbo, walikuwa Kabula na Rahma.

"Mwizi yuko wapi?"

"Hawa hapa. Huyu mgeni alikuwa na kitu mkononi."

Kabula akasimama mbele ya Rahma, akanyoosha mikono yake yenye maua. "Huyu ni wa kina mama Rahma, wenye duka! Mnamjua! Tumekuja kwa rafiki yangu."

Alisema rafiki yangu. Nilikuwa nimefika mlangoni, nikalisikia, nikashikilia fremu.

Mama ndiye aliyenisukuma. Mzee Masanja, ambaye kila msichana humwita mayu, yaani mama, akaniangalia huku jasho likimtoka. "Mayu, umepiga mwano wewe?"

"Nilikuwa... nilikuwa naijaribu."

Kisha mtu nyuma akaanza kucheka, na wengine wakafuata, isipokuwa Mzee Masanja. "Mwano haujaribiwi, mayu. Siku nyingine ukitujaribu, utatupikia ugali wote hawa." Baba alikuwa amefika kutoka mashineni, unga kichwani, akaanza kuomba radhi kwa mmoja mmoja. Kumwona Baba anainamia watu kwa ajili yangu kuliniuma kuliko fimbo ambayo hakunipiga.

Watu wakaondoka. Wakabaki wao wawili, na bakuli mavumbini. Ilikuwa hina.

"Tulikuwa tunakuja kukupaka," Kabula akasema. "Rahma ndiye aliyesema tukufuate, maana wewe huji." Akainua macho kwenye kona ya paa, akageuka kufuata inakoangalia, mpaka barazani kwa kina Rahma. Niliona anaelewa. "Ulikuwa unatuona?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Likizo yote?"

Rahma alikuwa amechuchumaa, anakwangua bakuli kwa kidole. "Imebaki kidogo," akasema. "Inatosha vidole viwili hivi. Leta mkono."

Nikasema sitaki.

Sijui neno lile lilitokea wapi. Wamezungukwa na fimbo kwa sababu yangu, na bado wivu ndio uliowahi kufungua mdomo. Kabula akasema, "Haya." Akamshika Rahma mkono, wakavuka.

Baba ameniuliza sasa hivi, kwa upole ambao sikuustahili, kama kamera ibaki au irudi. Nimemwambia ni nzuri, ibaki, ila fundi aje aigeuzie getini na kwenye banda. Nikamwambia na uongo wangu kuhusu kitabu. Akanyoosha mkono nimpe simu. Kabla ya kumpa, aplikesheni nimeifuta mwenyewe mbele yake.

Kesho baada ya ibada nitavuka barabara bila kuitwa. Kabula namjua, atanuna, nitajua la kufanya. Lakini kule ni kwao Rahma, na atakayefungua mlango ni yeye. Ni yeye ninayetakiwa kumwomba radhi kwanza, kabla hata sijamwulizia Kabula.

Nitaweza? Kinachonitisha ni kwamba atasema karibu, tena kwa ile sauti yake, halafu nitashindwa kuendelea kumchukia.