Katoto Ketu

Rehema mjukuu wangu,

Shikamoo yako nimeipata; marahaba. Hapa Mambrui sote wazima, ila babu yako goti lamsumbua, na paka wako amezaa tena kabatini.

Waniuliza kwa nini nilimkatia simu mama mkwe wako huko Nakuru. Nilimkatia kwa hasira, na hasira yenyewe bado ninayo! Amepewa kitukuu wangu amshike, mtoto ana siku tatu duniani, yeye aniambia, "Katoto..." Katoto! Huku kwetu hata kitoto husemi ovyo, na mtu ukimwita kijitu umemtukana. Sasa hiyo ka ni ya nini?

Nilipomzaa baba yako hospitalini Malindi, muuguzi mmoja wa bara naye aliniambia, "Lete hako katoto kapimwe." Nilimfokea mbele ya wodi nzima: "Mwanangu ni mtu, si uchafu!" Kitanda cha pili alilala mama Mgiriama wa Ganda. Alinitazama, akambusu mwanawe shavuni, akamwita polepole kwa Kigiriama, "Kahoho kangu," yaani katoto kangu. Nikaona haya. Kisha miaka ikapita, nikasahau.

Sitaomba radhi kwa ajili ya ka. Sikio langu halijaizoea. Lakini katika ujumbe wako umeniandikia maneno yake yote: "Katoto ketu kanakusalimia." Mimi nilikata simu aliposema katoto, Rehema. Ketu sikuisikia.

Mwambie anipigie, aanze upya.

Bibi yako