Mstari Wako Usiopulizwa, Baba Pili

Mwaka umekatika, Baba, tangu tukuzike hapa Mnyambe, na asubuhi hii kelele ndani zilikuwa za mikorosho yako.

"Marehemu hali korosho," Ba mdogo Husseni alifoka, mashine ya kupulizia iko mgongoni tayari. "Mimi ndiye ninayekula, na ugonjwa wa ubwiriunga unatoka kwenye mstari wake unaingia kwangu. Leo napuliza salfa kote."

"Msimu huu tu, Ba mdogo," mwanao Anwari naye sauti juu. "Ukipuliza, kazi ya Baba imekufa."

Ungekuwepo ungecheka, umwambie mdogo wako akae ale kwanza.

Si ndivyo ulivyowafanyia wale wa kituo cha utafiti cha serikali na wale wa chuo kikuu? Kituo kina wataalamu wa mikorosho, chuo kina maabara na wanafunzi, lakini walikuwa wamenuniana. Ukawaita nyumbani, ukawawekea ugali wa muhogo na kisamvu, sinia moja. Waliondoka wameshakubaliana kulitumia shamba lako: mistari yote ipulizwe dawa, mmoja uachwe, wauone ugonjwa unavyokwenda wenyewe. Watu wakakutania, "Mzee analea wagonjwa." Ukawajibu, "Nalea, ndiyo."

Ulipoondoka majirani walikuja kutuokotea, sisi tuko msibani. Walifagia chini ya mikorosho vizuri kabisa, korosho zote wakajaza pamoja, za mstari ule na za mingine. Wema mtupu. Upendo, yule mwanafunzi wa chuo uliyekuwa unamwita mwanangu, alikaa kizingitini akalia, maana hakubaki na cha kupima. Kituo na chuo wamemwongezea msimu huu, basi.

Mama akisikia pikipiki inakuja kutoka Newala, mpaka leo anaongeza maji ya ugali. Anajua ni wewe na wageni wako. Halafu pikipiki inapita.

"Shemeji," Mama alimwambia Ba mdogo mwishowe, polepole, "mimi bado namngoja. Niachie hata huo mstari."

Hatujakusahau, Baba, wala hatutakusahau: mkeo Zabibu, wanao, mimi Pili na Anwari, mwanao wa chuo Upendo, na mdogo wako Husseni. Mama aliposema hivyo, Ba mdogo aliitua mashine mgongoni, akaiegemeza ukutani, akatoka mikono mitupu, akaufunga mlango.