Pai ya Bi Verline

Ndugu yangu Clevon,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Detroit? Sisi huku Georgia tu wazima. Mipichi imechanua mapema, na kwaya imepata sare mpya.

Jana mama yako, Bi Verline, alituletea pai ya viazi vitamu. Akamkumbatia mume wangu, mpwa wake: "Lamar mwanangu, umenilipia kodi ya jengo! Mungu akuzidishie."

Alipoondoka nikasema, "Mwambie ukweli, Lamar."

"Mnada hauna shangazi, Odessa. Kata pai."

Clevon, haikuwa sadaka. Nyumba ya mama yako ilinadiwa na serikali kwa deni la kodi hiyo, na Lamar ndiye aliyeshinda mnada. Isipokombolewa kwa kumrudishia fedha zake kabla ya Pasaka, inakuwa yake. Kila Jumapili mama anasimama kanisani kutushukuru, nami nainamisha kichwa. Kumwambia nimeshindwa, na fedha hana. Pai ile sikuila.

Njoo urudishe alicholipa Lamar, pamoja na faida yake. Usimwambie Lamar kuwa ni mimi niliyekuandikia.

Tafadhali nijibu upesi.

Dada yako katika Kristo,
Odessa