Mpaka Mtu Aumie

Mwenzangu, nimetoka halmashauri ya jiji sasa hivi. Nimekaa kwenye ngazi zao.

Si nilikwenda kuomba ile ruzuku ya akiba, wanayosema ni ya dharura za vituo kama chetu? Nikamwonyesha ofisa picha: dari ya darasa la watoto viziwi imeporomoka yote juu ya madawati.

Akauliza, "Kuna aliyeumia?"

Nikajibu kwa furaha kabisa, "Hapana, walikuwa nje wanacheza. Mungu mkubwa."

Akafunga faili! "Basi mama, hayo ni matengenezo. Akiba hatuigusi mpaka mtu aumie."

Mpaka mtu aumie! Kasema hivyo hivyo, huku anakoroga chai!

Nikamwambia, "Kwa hiyo nirudi na maiti?" Eti nisimpandishie sauti, yeye anafuata mwongozo tu.

Nimetoka mikono mitupu. Lakini kilichoniuma si hicho.

Nilipofika mlangoni akaniuliza tena, taratibu, "Una uhakika hakuna hata aliyechubuka?"

Nikajikuta nawapitia kichwani mmoja mmoja, natafuta jeraha. Nikatamani nilipate. Mimi, mwalimu wao!